Bunduki ya kuwindia ya mnadani iliyofanyiwa mabadiliko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali yanayonifikia kila mara mtu wa hapa Lubumbashi anaponunua bunduki kuukuu ya kuwindia mnadani: vitu vya mirathi, vyombo vya shamba lililofungwa, mzigo wa mwindaji aliyerudi kwao akaacha makabati yamejaa. Nyingi haziko tena kama zilivyotoka kiwandani. Mmoja alikata mbao, mwingine akabadilisha mtutu, wa tatu akatoboa matundu ya darubini, na dalali akaja kuandika jina moja tu kwenye karatasi. Majibu ni ya fundi. Pale sheria inapoingia nimeitaja kwa namba yake.

Nimeshailipia, iko mezani. Nianze wapi?

Hakikisha haina risasi. Elekeza mtutu pasipo na mtu, weka kidole mbali na kifyatulio, fungua komeo (chuma cha kuvuta kinachofunga nyuma ya mtutu), tazama ndani ya chemba, yaani mahali risasi inapoketi, kisha papasa kwa kidole kidogo. Angalia na kisanduku cha risasi kilicho chini yake. Bunduki za mirathi zina tabia mbaya ya kukaa kabatini miaka na miaka zikiwa zimeshiba, kwa sababu mwenyewe alikufa kabla ya kuipakua. Komeo likigoma kufunguka, usiligonge nyundo. Mwite fundi na umwambie wazi kwamba hujui kama ina risasi.

Baada ya hapo tulia. Usipige risasi hata moja, na usiisafishe. Msasa na brashi ya waya vimeharibu ushahidi mwingi kuliko kutu. Alama zinazotuambia bunduki ni ya nani na ya lini nyingine ni ndogo kuliko punje ya mchele, na zikishasagwa hazirudi. Kitambaa chenye mafuta mepesi kinatosha kwa sasa.

Karatasi ya mnada inasema "Mauser belge 8 mm". Si inatosha?

Haitoshi. Kila neno kati ya hayo linaweza kuwa kweli nusu.

"Mauser" ni jina la kiwanda cha Ujerumani, lakini kwa watu wengi ni bunduki yoyote yenye komeo la kuvuta kwa mkono. "Belge", yaani ya Ubelgiji, huandikwa kwa sababu dalali ameona muhuri wa mji wa Liège, na muhuri huo unasema tu kwamba silaha ilijaribiwa kule, hausemi kwamba kila kipande kilitengenezwa kule. Tena Fabrique Nationale ya Herstal, jirani na Liège, ilianzishwa mwaka 1889 hasa kwa kuundia jeshi la Ubelgiji bunduki 150,000 za Mauser, na baadaye ikauzia mafundi wa nchi nyingi miili mitupu ya bunduki ili wao waweke mtutu na mbao zao. Kwa hiyo mwili unaweza kuwa wa Herstal, mtutu wa kwingine, mbao ya kwingine kabisa.

Na "8 mm"? Hapo ndipo penye hatari. Nimeijibu chini, kwenye swali la kaliba, yaani kipimo cha mtutu na risasi yake.

Nitajuaje kama ilikuwa bunduki ya jeshi iliyogeuzwa ya porini?

Acha mbao kwanza, soma chuma. Mbao hubadilishwa na seremala yeyote. Mwili wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba komeo, ambacho mafundi wa hapa huita boîtier, ndicho hubaki kilekile hata mengine yote yakibadilishwa.

Kwa Mauser ya 1898, ambayo ndiyo mama wa nyingi tunazoziona, tazama ukuta wa kushoto wa mwili. Ukikuta pamebonyezwa nusu duara kama mahali pa kidole gumba, huo ni mwili wa kijeshi: askari alisukuma risasi tano kwa mpigo kutoka kwenye kibanio, na kidole kilihitaji nafasi. Miili mingi iliyotengenezwa baadaye kwa soko la wawindaji haina kibonyeo hicho. Tazama pia juu, nyuma ya tundu la kuingizia risasi, kama kuna mfereji wa kusimamishia kibanio hicho, au alama ya tupa mahali ulipokuwa. Kisha mtutu: mitutu mingi ya jeshi ya Mauser inashuka kwa ngazi, mnene kisha mwembamba kisha mwembamba zaidi, wakati mtutu wa kuwindia kwa kawaida hushuka taratibu bila ngazi.

Mkono wa komeo nao husema. Bunduki nyingi za jeshi zilikuwa na mkono ulionyooka kwa upande. Mwindaji anayetaka darubini hawezi kuuacha hivyo, maana utagonga darubini, basi hukatwa na kuunganishwa upya ukiinama. Tafuta mshono wa kuchomelea kwenye shina lake.

Nikupe mfano mmoja. Kijana wa Kampemba alileta bunduki yenye karatasi ya "8 mm". Mtutu hauna ngazi, umepakwa rangi nyeusi nzuri, kwa nje ni bunduki ya kuwindia tupu. Lakini ukutani kushoto kuna nusu duara ya kidole gumba. Nikaweka rula ya chuma juu ya pete ya mbele ya mwili, mahali nembo ya nchi hukaa, nikamulika kwa nyuma: mwanga ukapita chini ya rula katikati. Pale palisagwa, nembo ikaondoka, chuma kikabaki na bonde ambalo jicho tupu halioni. Tukatoa mbao. Chini ya mtutu, upande ambao hauonekani bunduki ikiwa nzima, palikuwa na mihuri ya Ujerumani na maandishi 9,3x62, jina la risasi ya milimita 9.3. Mwili wa jeshi, mtutu wa mwindaji, na mbao nyekundu ambayo kwa harufu na uzito wake niliiona ni ya mti wetu wa mukula. Bunduki tatu ndani ya moja, na hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa ya milimita 8 tena.

Na kama si Mauser?

Upande huu wa Kasumbalesa tunapata pia za Waingereza, kwa kuwa majirani walikuwa Northern Rhodesia, Zambia ya leo. Lee-Enfield utaijua kwa kisanduku cha risasi kumi kinachoning'inia chini, na kwa komeo linalojifungia nyuma badala ya mbele. Risasi yake, .303, ina ukingo uliotokeza chini ya ganda. Nyingine ni Pattern 14 na ndugu yake M1917, zote zilitengenezwa Marekani wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Zilikuwa na "masikio" mawili makubwa ya kulinda kilengeo cha nyuma. Wageuzaji huyasaga, na mara nyingi huacha mgongo wa mwili ukiwa na umbo lisilo la kawaida. Ya kwanza ni .303, ya pili ni .30-06, na kwa mbali zinafanana kama mapacha.

Ukiona ZKK na herufi za Brno, hiyo ni ya Czechoslovakia, imetengenezwa kwa uwindaji tangu mwanzo. ZKK 602 ndiyo kubwa, ya risasi ndefu kama .375. Hapo huna fumbo la jeshi. Una kazi ya kuangalia tu kama mtutu ni wake.

Mihuri midogo kwenye mtutu inasema nini?

Ni vyeti vya majaribio. Nchi kadhaa za Ulaya zinalazimisha kila mtutu upigwe risasi yenye nguvu kuliko ya kawaida kabla ya kuuzwa, na ukivumilia unapigwa muhuri. Nyumba ya majaribio ya Liège ina asili yake mwaka 1672, ya Birmingham ilianzishwa 1813. Mwaka 1914 nchi kadhaa ziliunda tume ya pamoja, inayojulikana kwa herufi CIP, ili zitambuliane mihuri.

Liège: duaradufu yenye herufi ELG na nyota, juu yake taji. Taji liliongezwa mwaka 1893, kwa hiyo duaradufu isiyo na taji ni ya kabla. Simba juu ya herufi PV ni jaribio la baruti isiyo na moshi, nayo ndiyo unayoitaka. Mnara mdogo mwembamba ni perron, alama ya mji wenyewe. R yenye taji ni ya mtutu wenye mifereji ndani, ile inayozungusha risasi. Herufi yenye nyota juu yake ni ya mkaguzi, wala si ya mtengenezaji; watu wengi hupoteza usiku mzima wakitafuta kiwanda cha "herufi G".

Ujerumani: taji juu ya N, na kuanzia 1940 tai juu ya N, yote ni ya baruti isiyo na moshi. Pembeni yake mara nyingi kuna tarakimu tatu au nne ambazo ni mwezi na mwaka. 536 ni Mei 1936. Hiyo ni zawadi, maana inakupa tarehe ya mtutu bila kubahatisha. Lakini ni ya mtutu! Usiihamishie kwenye bunduki nzima.

Uingereza: NP ni baruti isiyo na moshi, na BNP yenye taji ni Birmingham tangu 1954. Waingereza hupenda kuandika na jina la risasi pamoja na shinikizo kwa tani, kwa hiyo mtutu uliopita kwao husomeka kama barua.

Kuisoma vizuri unahitaji tochi, na mwanga uulaze pembeni, usiupige kwa juu. Pakaa unga wa chaki, pangusa, chaki itabaki ndani ya alama. Piga picha. Simu za siku hizi zinaona kuliko mimi.

Namba za mwili, mtutu na komeo hazifanani. Nimetapeliwa?

Si lazima. Bunduki za jeshi zilifumuliwa na kuunganishwa upya ghalani, makomeo yakachanganyika, hakuna aliyelia. Kwa thamani ya mkusanyaji ni pigo. Kwa mwindaji swali ni jingine: je, komeo hili na chemba hii vimewahi kupimwa pamoja? Nafasi kati ya uso wa komeo na mahali risasi inapoketi ikizidi, ganda hupasuka nyuma na gesi ikarudi usoni kwako. Fundi ana geji za kupimia jambo hilo, kazi ya dakika chache. Bila kipimo hicho, bunduki yenye komeo la kuazima ni ya kutundika ukutani.

Namba ya kuandika kwenye karatasi za serikali ni ile ya mwili, iliyopigwa kwenye chuma. Usiandike ya kwenye mbao, wala ya kwenye sahani ya chini, wala ile namba ndefu ya modeli.

Yaya, nikipata risasi inayoingia na komeo likafunga, si ndiyo kaliba yake?

Hapana, mdogo wangu, tena hapana mara mbili. Risasi kuingia si ushahidi. Risasi ya 8x57 inaweza kuingia kwenye chemba ya .30-06, na ukifyatua unalazimisha kichwa, yaani kipande kinachoruka, cha milimita 8.2 kipite kwenye mtutu wa 7.8. Bunduki zimepasuka kwa njia hiyo.

Turudi sasa kwenye ile "8 mm". Kuna 8x57 mbili. Ya zamani ina kichwa cha inchi .318. Mwanzoni mwa miaka ya 1900 jeshi la Ujerumani lilihamia kichwa cha .323, na risasi zake huandikwa IS au JS, na S ndiyo inayobeba habari. Tofauti ni kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Kwa macho huioni, lakini mtutu unaiona. Mitutu ya kuwindia ya kipimo cha zamani iliendelea kutengenezwa miaka mingi baada ya jeshi kubadilika, kwa hiyo umri peke yake haukusaidii. Risasi za IS zinazouzwa leo hazifai kwenye mtutu wa zamani.

Njia ya kweli ni mbili, na zote ni za fundi. Kwanza, kupima mtutu: kipande laini cha madini ya risasi (plomb), bila ganda wala baruti, husukumwa ndani taratibu na kutoka kimebeba alama za mifereji, kisha hupimwa kwa maikromita. Pili, kuchukua umbo la chemba kwa aloi inayoyeyuka chini ya joto la maji yanayochemka. Inamiminwa, inaganda, inatoka, na hapo una sura halisi ya risasi ambayo bunduki hii inataka. Aloi hiyo hubadilika ukubwa kadiri inavyopoa, ndiyo maana fundi mzuri husubiri muda uliowekwa na mtengenezaji wake kabla ya kupima. Akikupa jibu ndani ya dakika tano, tafuta mwingine.

Usidanganywe na majina pia. .404 Jeffery ina kichwa cha .423. .303 ina kichwa cha .311 hivi. 9,3x62, iliyobuniwa Berlin mwaka 1905 kwa ajili ya wakulima na wawindaji wa Afrika, inakaa kwenye mwili wa kawaida wa Mauser bila shida, ndiyo maana tunaikuta mara nyingi kwenye miili ya jeshi iliyogeuzwa. .375, ya Holland & Holland mwaka 1912, ni ndefu zaidi; ukiikuta kwenye mwili wa kijeshi, uliza ni chuma kiasi gani kilikatwa ili iingie, na fundi aangalie hapo kabla ya kitu kingine chochote.

Juu ya mtutu kuna jina na anwani. Huyo ndiye aliyeitengeneza?

Mara nyingi ni muuzaji. Maduka yaliagiza bunduki na kuziandikisha jina lao. Lakini anwani inakupa umri. Mji wetu uliitwa Élisabethville tangu 1910 hadi 1966. "Congo Belge" inaishia 1960. Kibandiko au kibali cha zamani chenye "Zaïre" na "Shaba" ni cha kati ya miaka ya 1970 na 1997. Karatasi iliyokunjwa ndani ya mfuko wa bunduki isitupwe, hata kama imeliwa na mende.

Herufi kwenye kisahani cha fedha chini ya kitako ni za mwenye mali. Za fundi hufichwa chini ya mbao, kwenye chuma.

Kama jina ni la nyumba kubwa ya London au Birmingham, Holland & Holland, Rigby, Westley Richards, waandikie ukiwapa namba. Wana vitabu vya zamani na wamezoea kuulizwa. Kwa Mauser yenyewe usiwe na matumaini makubwa: kiwanda cha Oberndorf kilivunjwa na Wafaransa baada ya vita kuisha mwaka 1945, na kumbukumbu nyingi zikapotea.

Mbao ina faida yoyote katika kuitambua?

Inakuambia kama aliyebadilisha alikuwa fundi au mgongaji. Toa skrubu, nyanyua chuma, tazama kitanda chake. Fundi amechonga hadi chuma kinakaa bila hata unyuzi kupita pembeni. Mgongaji amejaza gundi. Angalia mwanya kama ufa nyuma ya mkia wa mwili. Huo unatokana na mgutuko wa kaliba kubwa kwenye mbao iliyoketi vibaya.

Kuna alama moja ya bunduki za Afrika ninayoipenda. Pete ya mkanda imefungwa kwenye mtutu wenyewe, mbele ya mbao. Ikiwa kwenye mbao, bunduki kubwa inapopiga teke pete hukata vidole vya mkono wa kushoto. Aliyeiweka mbele alijua anachokifanya. Ncha ya mpingo au ya pembe mbele ya mbao ni pambo tu, siku hizi kila mtu anabandika.

Na mukiitoa mbao, tazameni kutu chini ya mtutu. Mvua zetu za Novemba hadi Machi hufanya kazi hapo kimyakimya, wakati juu kunang'aa.

Namba ya mwili imesagwa kabisa. Nipige mpya?

Usithubutu. Wala usiinunue kama bado hujalipa. Nembo ya jeshi iliyosagwa ni urembo. Namba iliyosagwa ni mashaka ya wizi au vita, na katika nchi yetu mashaka hayo si ya mchezo. Kama umeshailipia, rudi kwa aliyeendesha mnada na karatasi yako, na uripoti polisi kabla hawajakuuliza wao.

Nimenunua mnadani, mbele ya karani, kwa risiti. Si tayari ni yangu?

Risiti inathibitisha kwamba ulilipa. Haki ya kuishika bunduki inatokana na Ordonnance-loi n° 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985, inayohusu silaha na risasi, na uwindaji una sheria yake, n° 82-002 ya tarehe 28 Mei 1982. Hayo ni makaratasi mawili tofauti, na la kwanza halikupi la pili. Kibali cha marehemu kilichokuja pamoja na bunduki ni kumbukumbu nzuri ya historia. Usikionyeshe kwenye kizuizi cha barabarani ukidhani kitakusaidia. Anzisha kibali chako bunduki ikiwa bado inashikiliwa na wenye mnada. Na kwa vyovyote, Upemba na Kundelungu ni mbuga za taifa. Hata bunduki yenye makaratasi yote haina kazi humo.

Ndiyo maana pia kupata kaliba kwa usahihi ni muhimu mapema. Kibali kikiandikwa "8 mm" na bunduki ni 9,3, siku ya ukaguzi wewe ndiye utakayeeleza.

Kuna fundi mzuri ng'ambo, Zambia. Nimpelekee?

Bila idhini ya kuitoa na ya kuiingiza, hapana. Kutoka Kasumbalesa na bunduki iliyofungwa kwenye godoro ni kesi ya magendo ya silaha, hata kama nia yako ilikuwa kupimiwa chemba. Picha zinavuka mpaka bure.

Nipige picha zipi basi?

Bunduki nzima pande zote mbili. Mwili kutoka juu na kutoka kushoto, ukuta wa kidole gumba uonekane. Komeo likiwa nje, pande zake na uso wake. Kila muhuri peke yake, kwa karibu, mwanga wa pembeni, pamoja na rula kando yake. Chini ya mtutu mbao ikiwa imetoka, kama una mtu wa kuitoa bila kuharibu vichwa vya skrubu. Bisibisi iwe inajaa mfereji, la sivyo acha. Namba ya mwili izibe kwa kidole unapopiga picha za kuwatumia watu usiowajua, na umwonyeshe fundi wako tu.